Redio ya Kanga

Juzi nilikwenda Bwaise, hapahapa Kampala, kuchukua fremu ya dirisha kwa fundi seremala, na wewe unaijua Bwaise mvua ikishanyesha. Unavuka kwa kurukia tofali hadi tofali, gauni umelikunja mkononi, na kila aliyekaa mlangoni anasubiri uteleze apate la kucheka. Nilifika salama. Fundi aliniambia ningoje kidogo, akachukua ubao mwembamba akaukokota juu ya ukingo wa kasha alilokuwa analitengeneza, kuona kama umenyooka. Ule ubao ukalia. Ulitoa sauti mbili, ya kwanza fupi, ya pili inapanda juu kama swali, na mimi nikasimama pale topeni machozi yakinitoka bila kubisha hodi.

Fundi ni Mkongo. Aliacha kazi akanitazama kwa wasiwasi. "Mama, kuko nini? Fremu haiko muzuri?"

Nikamwambia fremu ni nzuri sana, nikaibeba nikaondoka. Ningemweleza nini? Lakini wewe nitakueleza, maana tumejuana siku nyingi.

Mimi nimekulia Mbuya, kwenye kwota za askari, zile nyumba za mstari mmoja ambapo jirani akikaanga vitunguu wewe ndiye unayepiga chafya. Baba alikuwa mwanajeshi, mtu wa ng'ambo ya Nile, upande wa Arua. Mama alitoka Kongo ya mashariki. Baba hakujua lugha ya kwao Mama, wala Mama hakujua ya kwao Baba, kwa hiyo walitongozana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na sisi watoto tukazaliwa humohumo. Baba alikisema cha jeshini, kimekatwakatwa kama amri. Mama alikisema cha kwao, kirefu na chenye kuimba. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alizoea kusema kwamba nyumbani kwetu Kiswahili kilifika kikiwa kimechoka safari, na sisi tulicheka bila kujua kama tumetukanwa.

Wake wa askari wengine hawakumpokea Mama mara moja. Walimwita Mama Kongo, na mmoja wao, mtu wa pwani ya Kenya aliyeolewa na koplo, alipenda kumrushia methali: kanga hazai ugenini. Mama akawa anatuonyesha sisi, mmoja baada ya mwingine, tumepangana mlangoni na makamasi yetu, anasema, "Na batoto hawa? Niliwaokota?"

Huyo kanga wa methali ndiye ndege ninayetaka kumzungumzia. Baba alikuwa mwindaji. Kila kiangazi alipopata likizo alipanda basi la Arua, akaungana na ndugu zake porini, wakatega nyavu za kanga. Na kanga hatembei tu akaingia wavuni kwa sababu wewe una njaa. Lazima aitwe.

Zamani, kabla sijapata akili, Baba alipelekwa kozi nje ya nchi. Mkufunzi wao mmoja, mzungu mpenda kuwinda, alimpa zawadi ya kisanduku cha mbao cha kuitia bata mzinga wa porini. Ni kitu rahisi ukikiona. Kisanduku kirefu chenye kuta nyembamba, wazi kwa juu, na kifuniko kilichofungwa kwa skrubu moja upande mmoja, kimeacha mkia wa kushikia upande wa pili. Unapaka chaki chini ya kifuniko, unakivuta taratibu juu ya ukingo wa ukuta, na mbao zinasema. Baba alikijaribu siku aliyorudi, amekaa mlangoni kwetu, na bata mzinga dume wa jirani akaja mbio kutoka mwisho wa mstari, amevimba, mabawa yanaburuza chini, akaingia ndani hadi kwenye mkeka akamwaga uji wetu wote. Mwenye bata alikuja nyuma yake anahema.

"Afande! Wewe naharibu akili ya sekoko yangu!" Sekoko ndilo jina la bata mzinga huku Kampala. "Sasa nani taoa yeye?"

Kwa kanga, hata hivyo, kisanduku cha mzungu hakikufaa. Sauti yake ilikuwa nzito mno, ya mtu aliyevuta tumbaku. Ndipo Baba akaanza kutengeneza vyake. Alichonga kwa mvule, kwa musizi, kwa mbao za makasha ya sabuni, akapunguza kuta kwa kipande cha chupa hadi ukiziinua juani unaona wekundu wa mwanga. Sisi kazi yetu ilikuwa chaki. Mwalimu wangu alikuwa ananihifadhia vile vipande vya mwisho visivyoshikika, navipeleka nyumbani mfukoni, sketi ya shule nyeupe upande mmoja. Na ukishakula mhogo wa kukaanga ulikuwa huruhusiwi kugusa kifuniko hata kwa kidole cha mwisho. Mafuta yanaua sauti. Askari wenzake walikipa kile kitu jina la redio ya kanga, na jina likashika.

Baba alitengeneza vingi, lakini porini alikwenda na kimoja tu, na hakukichagua yeye. Alikichagua Mama. Sijui kama hii ilikuwa mila ya kwao au Baba aliibuni mwenyewe. Nilipowauliza watu wa Arua, wengine walikubali na wengine walinicheka. Baba alikuwa na sababu zake. "Mwanaume nasikia kanga, nasikia nyama tu," alisema. "Mwanamke ndiyo nasikia kanga nasema nini."

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya likizo, baada ya kanisa. Mama aliingia chumbani akakaa kitandani nyuma ya pazia, kwa sababu Baba aliamini kwamba jicho likiona mbao nzuri linalidanganya sikio. Baba alitandika mkeka sebuleni, akapanga visanduku, akapaka chaki. Sisi tulikatazwa kukohoa. Alikuwa na masharubu mazito ambayo aliyapenda kuliko cheo chake, na kila alipokuwa anavuta kifuniko midomo ilijificha yote humo ndani, masharubu yakatetemeka kidogo. Hakukwaruza. Alipapasa. Kisha akangoja, na kutoka nyuma ya pazia hukumu ikatoka.

"Iyi ni mwanamuke anagombana na bwana yake."

Kingine.

"Iyi iko na homa."

Kingine.

"Iyi ni jike ya uongo. Ni dume anajifanya."

Tulikuwa tunajibana mbavu. Hadi Baba alipogusa kile chenyewe, na Mama akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Iyi njo yenyewe. Inaita batoto."

Na Baba akarudi kutoka Arua na kanga. Walikuwa wamekaushwa kwa moshi, wamepinda, weusi, wamefungwa kwenye majani makavu, na harufu yao ilitangulia kufika kabla Baba hajashuka kwenye bodaboda. Mama aliwaloweka, akawapika kwenye sigiri ya makaa kwa simsim iliyosagwa, ule ufuta, kama watu wa kwao Baba wanavyopenda, lakini mwishoni akatia kijiko cha mawese ili na Kongo nayo iwepo. Tulikula kwa ugali wa muhogo, kwa mikono, hadi tukalamba sufuria. Kwa siku kadhaa vidole vilinukia moshi, na shuleni nilikuwa ninavinusa wakati wa hesabu.

Habari zikaenea. Askari wengine wakaanza kuchonga redio zao, na wakaja kwetu na kofia mkononi kumwomba Mama Kongo awachagulie. Wake zao wakaja nyuma yao na sukari na sabuni na umbea. Yule mke wa koplo akaacha methali yake. Akina mama walipokuwa wanafua bombani waliacha nafasi ya Mama katikati. Usidhani ni jambo dogo. Mwanamke ambaye hana shangazi wala dada mji mzima, ambaye akitamka neno watu wanaangaliana, alikuwa amepata kiti chake hapa duniani, na alikipata kwa masikio.

Kisha akaugua malaria, ile kali ya kuota mchana. Baba alikuwa kambini mbali, mpakani. Mama alilazwa, akatundikiwa dripu za kwinini, akarudi amekonda, anasema kuna nyuki kichwani. Daktari alimwambia nyuki wataondoka. Waliondoka kweli, na wakaondoka na kila kitu.

Hakumwambia mtu. Sisi tulijua kwa sababu mtoto hujua: ukimwita hageuki, ukikanyaga sakafu kwa nguvu anageuka. Alijifunza kusoma midomo upesi ajabu. Alijifunza kuanza yeye mazungumzo ili ajue yanakwenda wapi. Redio yetu ya habari, ile ya betri, alizoea kuiwekea mkono juu, tukadhani anaipenda, kumbe alikuwa anahakikisha kwamba inaongea. Siku moja jirani alikuwa anamkaripia mwanawe mtundu, akamwambia sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nikamwona Mama ameisoma ile methali kwenye midomo yake. Akaokota beseni akaingia ndani. Tangu siku hiyo methali hiyo siitumii, hata kwa wanangu, na wanaistahili.

Baba alirudi kiangazi kilipoanza, na begi limejaa visanduku alivyochonga huko mpakani. Nilitamani Jumapili isifike. Ilifika. Mama alivaa kitenge chake kizuri akaingia nyuma ya pazia kama kawaida, na mimi nikajua kwamba nyuma ya kile kitambaa haoni mdomo wa mtu yeyote.

Baba akavuta kisanduku cha kwanza. Wallahi, kilikuwa kanga mwenyewe. Mdogo wangu aligeuka kutazama mlangoni kama ndege ameingia. Baba akangoja hukumu. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Akakiweka chini taratibu, akachukua cha pili, akaanza kukipaka chaki, na kabla hajagusa kifuniko sauti ya Mama ikatoka chumbani, kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Iyi ya pili njo yenyewe! Inaita batoto!"

Kisanduku kilikuwa bado hakijalia. Baba alikuwa ameshika chaki hewani. Alitazama pazia, akatutazama sisi mmoja mmoja, na hakuna aliyeweza kumtazama. Unga wa chaki ulikuwa unamwangukia kwenye suruali na hakuufuta. Mimi nilikuwa ninaomba Mungu asiulize, kwa sababu akiuliza, na sisi tukajibu, basi kile kiti cha Mama kimekwisha palepale. Kisha akakivuta kile cha pili, na kikalia kama mlango wa choo.

"Sawa," alisema kwa sauti ya paredi. "Mama Watoto nachagua. Hiyo ndiyo taenda."

Mama alitoka anatutafuta usoni, jasho limemtoka puani. Baba akamwinulia kile kibaya akatabasamu, akakifunga kwenye kitambaa akakiweka begini. Kile cha kwanza, chenye roho ya kanga ndani yake, kilibaki mkekani, na baadaye mdogo wangu akakifanya gari.

Kesho yake asubuhi Baba alinyoa masharubu. Hatukuamini. Mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe kidogo na mtupu, kama wa mtu mwingine. Wenzake walimcheka wiki nzima, wakasema mke amemshinda, na yeye akawaacha waseme. Tangu siku hiyo, akitaka kumwambia Mama jambo alisogea kwanza kwenye mwanga.

Jumapili ya kuchagua haikufutwa. Mwaka uliofuata Baba alihamisha tu mkeka, akautandika karibu na mlango wa nje, akasema ndani kuna joto. Jua lilikuwa linampiga mgongoni, na kivuli chake chote kilianguka kwenye pazia, mkono na kisanduku na kifuniko kinachokwenda na kurudi. Mama hakukosea tena kusema kabla ya wakati. "Iyi iko na homa," alisema, na sisi tulicheka kama zamani, ingawa kile kilichokuwa na homa mara nyingi ndicho kilichokuwa kizima. Askari waliokuja na redio zao Baba aliwarudisha njiani. Aliwaambia masikio ya mke wake sasa ni ya nyumba hii peke yake, wakamwona mchoyo.

Na kanga hawakuja tena. Baba alirudi kutoka Arua na samaki wakavu wa Nile, na asali ndani ya chupa, na simsim, kila mwaka ana maneno yaleyale. "Kanga siku hizi nakuwa janja." Mama alimtazama mdomo hadi mwisho wa sentensi, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaenda kupika samaki. Nami nilikua nikiamini kwamba walikuwa wamefichana vizuri, kila mmoja upande wake, na kwamba mimi ndiye niliyeyaona yote. Watoto tunajidanganya hivyo.

Baba alistaafu, akaugua muda mfupi, akafa. Tulimzika kwao. Siku ya matanga, mchana, watu wamekaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, baba mdogo alisimama kueleza habari za uwindaji wao, maana msiba wa mwindaji bila hadithi ya porini ni kama haujaisha. Akasema kwamba kila mwaka kaka yake alikuja na kisanduku kibaya kuliko vyote Uganda. Akasema kwamba kilipolia hata mbwa waliondoka. Kila mwaka walimsihi akitupe, wamchongee kingine, na kila mwaka alikataa. "Nasema, mke yangu nachagua hii. Tukamwambia basi kaa mbali na sisi. Anachukua hiyo kitu yake, anakwenda peke yake nyuma ya kilima, asubuhi mpaka jua inakuwa kali, tunasikia tu, kwiii, kwiii. Sisi huku tunakamata kanga. Tunataka kumpa, anakataa. Nasema, nikipeleka kanga nyumbani, hiyo nakuwa kanga ya masikio ya nani?"

Watu walicheka, kile kicheko cha msibani kinachopita karibu sana na kilio. Mimi sikuweza. Nilikuwa ninamwona Baba peke yake nyuma ya kilima, mdomo mtupu, anapapasa mbao ambayo haitaita chochote, kwa upole uleule, kwa sababu ndiyo aliyochaguliwa. Mama alikuwa kando yangu mkekani. Aliona watu wanacheka, akanivuta mkono.

"Banasema nini?"

Jambo kama lile, rafiki yangu, utalisemaje kwa kiziwi? Ukimsemea taratibu, ukilifinyanga kwa midomo neno moja moja, kila aliyekaa pale atalisoma. Nikamgeukia. Nikamwambia, "Wanasema Baba alikuwa mwindaji hodari."

Mama alinitazama mdomo, kisha akanitazama macho.

"Uongo," alisema. Alisema kwa nguvu, kama wasemavyo wasiojisikia sauti, na turubai zima likamgeukia. "Tangu masikio yangu ilikufa, ule mwanaume hakuletaka ata kanga moya."

Hakuwa amewahi kulitamka kabla, mbele ya mtu yeyote. Baba mdogo alikaa chini. Mama akapangusa uso kwa ncha ya kitenge, na akaendelea kwa sauti ndogo zaidi, akiniambia mimi, ingawa wote walisikia.

"Nilikuwa najua nachagua bibaya. Ila kama ningemuambia, angeacha kuniuliza."

Sasa Mama anakaa kwangu Ntinda. Zile kwota nasikia zimebomolewa nusu, na pori la baba mdogo limekuwa mashamba ya tumbaku, kanga wamehama hakuna ajuaye wapi. Visanduku vyenyewe vimeishia jikoni kuwashia moto, ila kile kibaya cha mwisho tulimzika Baba nacho. Yote hayo nimeyazoea, mji hukua na miti hukatwa. Wanangu wanampenda bibi yao. Wanampa kiti kizuri, wanampakulia wa kwanza, wanamwonyesha picha kwenye simu. Tunamchagulia daktari, tunamchagulia vitenge, tunamchagulia hata upande wa kulala, kwa nia njema kabisa. Jioni tukikaa sebuleni tunaongea sote kwa pamoja, na yeye anahamisha macho kutoka mdomo huu kwenda ule hadi anachoka, anainamisha kichwa. Nyumba imejaa watu wenye masikio mazima, na hakuna hata mmoja anayemwuliza Mama anasikia nini.